Mshale Mmoja, Maswali Matatu: Modi za Variometa na Kasi Stahiki katika Urukaji wa Glaida

Glaida haina injini, na akiba yake pekee angani ni kimo. Kila sekunde akiba hiyo hupungua, isipokuwa pale hewa yenyewe inapopanda haraka kuliko glaida inavyoshuka ndani yake. Rubani wake basi hana budi kujua, kabla ya jambo jingine lolote, kama anapanda au anashuka, na kwa kiasi gani. Mwili wa binadamu haumpi jibu. Sikio la ndani huhisi mabadiliko ya mwendo, halihisi mwendo uliokwisha kutulia. Glaida inapoingia kwenye hewa inayopanda, rubani husikia kiti kikimsukuma kwa nukta moja au mbili, kisha hisia hupotea ingawa anaendelea kupanda mita 3 kila sekunde. Macho nayo hayafai sana, kwa kuwa kutoka kimo cha mita 1,000 ardhi haibadiliki sura kwa tofauti ya mita 20.

Kazi hiyo hufanywa na variometa, chombo kinachopima mwendo wa kupanda na kushuka. Kilijulikana kwa warusha maputo kabla ya kufika kwenye glaida. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kwenye mlima Wasserkuppe nchini Ujerumani, mbunifu wa ndege Alexander Lippisch alimshauri rubani kutoka Austria, Robert Kronfeld, akifunge ndani ya glaida yake. Hadi wakati huo marubani walitegemea zaidi upepo unaogonga mteremko na kupinda kwenda juu, na aliyeuacha mlima alikuwa akienda kutua. Mwaka 1929 Kronfeld alivuka kilomita 100, na sasa rubani aliweza kuitambua hewa inayopanda kwa sababu alikuwa na mshale mbele yake.

Variometa ya kwanza ilikuwa rahisi kuielewa. Chupa iliyokingwa dhidi ya joto, yenye ujazo wa karibu nusu lita, huunganishwa kwa mrija na hewa ya nje. Glaida ikipanda, kanieneo la nje hupungua na hewa ya ndani ya chupa hutoka. Ikishuka, hewa huingia. Katikati ya mrija huwekwa kibawa chepesi kinachosukumwa na mtiririko huo, na kibawa huzungusha mshale. Mtiririko ukiwa mkubwa, mshale huenda mbali. Vyombo vya leo hutumia kihisi cha elektroniki mahali pa chupa na kibawa, lakini kipimo ni kilekile: kanieneo linabadilika kwa haraka kiasi gani.

Kipimo hicho kina kasoro kubwa. Rubani akivuta usukani, glaida huinua pua, hupunguza kasi na kupanda, na mshale hupanda pamoja nayo. Hewa haijafanya lolote. Ukubwa wa udanganyifu huo unahesabika, kwa kuwa kasi hugeuka kuwa kimo kwa kanuni inayojulikana: mraba wa kasi ugawanywe kwa mara mbili ya mvutano wa dunia. Kasi ya kilomita 200 kwa saa ni sawa na kimo cha mita 157. Kasi ya kilomita 100 kwa saa ni sawa na mita 39. Anayepunguza kutoka ile hadi hii hupata karibu mita 118, ukiacha kinachopotea kwa ukinzani wa hewa, na variometa ya kawaida humwonyesha mpando wa kuvutia uliotoka mkononi mwake mwenyewe. Kuna marubani wengi walioanza kuzunguka mahali pasipo na kitu kwa sababu hiyo.

Dawa yake ni modi ya nishati kamili. Arthur Kantrowitz aliieleza nchini Marekani karibu na mwaka 1940: badala ya kupima kimo peke yake, chombo kipime jumla ya kimo na kasi. Kimo kikiongezeka kwa sababu kasi imepungua, jumla haibadiliki na mshale hukaa palepale. Hili hufanyika bila hesabu yoyote ya kompyuta. Kwenye mkia wa glaida hufungwa mrija mwembamba wenye tundu nyuma yake, na umbo lake hufanya kanieneo ndani ya mrija lipungue chini ya lile la hewa tulivu kwa kiasi kilekile ambacho mwendo huliongeza kwa mbele. Kasi inaposhuka upungufu huo hupungua, na kwa hiyo kanieneo la mrija hupanda kwa kiasi cha kufidia kushuka kunakoletwa na kimo kipya. Mrija unaotumika sana umetokana na majaribio ya Oran Nicks wa NASA, katika miaka ya 1970.

Nishati kamili ndiyo modi ya kuzungukia. Rubani aliyemo ndani ya hewa inayopanda anataka kujua anachopata sasa, pamoja na mshuko wa glaida yake, kwa sababu hicho ndicho kitakachoandikwa kwenye altimeta. Vyombo vingi huweka pembeni namba ya wastani wa sekunde 20 au 30, na namba hiyo ni ya kweli kuliko mshale. Mshale hurukaruka, unaweza kugusa mita 4 kwa sekunde katika kila mzunguko huku wastani ukiwa mita 1.8. Anayekumbuka ile 4 tu hujidanganya, na udanganyifu huo utamfuata hadi kwenye hesabu za kasi zitakazoelezwa hapa chini.

Lakini nishati kamili haiponyi kila kitu. Glaida ikikutana ghafla na upepo wa mbele, kasi yake ndani ya hewa huongezeka ingawa haijapanda wala kushuka, na chombo huihesabu kasi hiyo kuwa nishati iliyopatikana. Kwa glaida inayokwenda kilomita 100 kwa saa, dharuba ya mbele ya kilomita 10 kwa saa ni sawa na mita 8. Ikifika ndani ya sekunde mbili, mshale huonyesha mpando wa mita 4 kwa sekunde. Kwa glaida inayokwenda kilomita 180 kwa saa dharuba hiyohiyo ni sawa na mita 14 na zaidi. Ndiyo maana mshale huwa na fujo zaidi glaida inapokwenda mbio, na ndiyo maana rubani mzoefu husubiri kiti kimthibitishie: hewa inayopanda humsukuma kutoka chini, dharuba ya mlalo hubadilisha sauti ya upepo na mshale wa kasi bila msukumo wa maana kitini.

Modi ya pili ni neto. Glaida hushuka ndani ya hewa kila wakati, na kiasi cha kushuka hutegemea kasi. Uhusiano huo huchorwa kwenye mchoro unaoitwa pola. Mfano ufuatao ni wa glaida ya kubuni, lakini tabia yake haiko mbali na ile ya glaida nyingi za kiti kimoja zenye mabawa ya mita 15. Hushuka mita 0.61 kwa sekunde ikienda kilomita 76 kwa saa, na huo ndio mshuko wake mdogo kabisa. Kwa kilomita 100 hushuka mita 0.69, na hapo huserereka mbali kuliko kasi nyingine yoyote: kilomita 40 kwa kila kilomita moja ya kimo. Kwa kilomita 130 hushuka mita 1.03, na kwa 155 hushuka mita 1.5. Neto huchukua usomaji wa nishati kamili na kuurudishia mshuko huo wa glaida. Kinachobaki ni mwendo wa hewa yenyewe. Katika hewa tulivu mshale hukaa sifuri kwa kasi yoyote. Ukitoka sifuri, hewa ndiyo imesogea.

Hapa ndipo hatari ya kuchanganya modi inapoanza. Rubani anayekwenda kilomita 155 kwa saa akiona neto ya mita 1.5, glaida yake haipandi hata kidogo, inashikilia kimo tu. Akisimama na kuzunguka hapo hatapata mita 1.5 pia, kwa kuwa glaida inayozunguka ikiwa imelala upande hushuka karibu mita 0.8 kwa sekunde. Atapata mita 0.7. Kwa ajili hiyo wabunifu walitengeneza neto linganishi, inayotoa kwenye neto mshuko wa kuzunguka na kuonyesha moja kwa moja kile ambacho rubani angepanda kama angepunguza kasi na kugeuka sasa hivi. Kati ya modi zote, hii ndiyo inayojibu swali ambalo rubani aliye safarini hujiuliza mara nyingi: je, inafaa kusimama hapa? Inastahili kutumika zaidi kuliko inavyotumika, hasa na wanaojifunza safari ndefu, kwa kuwa huwaondolea hesabu ya kichwani wakati macho yao yanahitajika nje.

Swali la tatu ni la kasi. Kati ya hewa moja inayopanda na nyingine, rubani aende kwa kasi gani? Akienda polepole huokoa kimo lakini hupoteza muda wa njiani. Akienda mbio hufika mapema lakini chini, na muda aliookoa huutumia kupanda upya. Katika miaka ya 1930 jambo hili lilifanyiwa hesabu nchini Ujerumani, ambako Wolfgang Späte alikuwa miongoni mwa walioliandika, na pia Poland. Aliyeligeuza kuwa kifaa ni Mmarekani Paul MacCready, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia huko Saint-Yan, Ufaransa, mwaka 1956, na ambaye mwaka 1977 ndege yake Gossamer Condor, inayoendeshwa kwa miguu ya rubani, ilipata tuzo ya Kremer. MacCready aliweka pete inayozunguka pembezoni mwa variometa, imeandikwa kasi. Rubani huzungusha alama ya pete hadi kwenye mpando anaoutarajia mbele, na mshale wa variometa humwelekeza kwenye kasi stahiki.

Kanuni iliyo nyuma ya pete ni hii. Mpando unaotarajiwa ukiwa mkubwa, kimo ni rahisi kupatikana, kwa hiyo kinaweza kutumiwa kwa wingi kununua kasi. Ukiwa mdogo, kimo ni ghali. Glaida ya mfano wetu, ikitarajia mita 1 kwa sekunde, ipite kwenye hewa tulivu kwa kilomita 130 kwa saa. Ikitarajia mita 2, iende 155. Ikitarajia 3, iende karibu 176. Hewa inayoshuka njiani huongezwa kwenye hesabu kana kwamba ni mpando: mwenye matarajio ya mita 2 akipita kwenye hewa inayoshuka mita 2 aongeze hadi karibu 195, atoke humo upesi. Akipita kwenye hewa inayopanda mita 1 apunguze hadi 130, akae humo kidogo zaidi bila kusimama.

Pete ilikuwa na usumbufu wake. Rubani akiongeza kasi kama alivyoelekezwa, mshuko wa glaida huongezeka, mshale husogea, na pete humpa kasi nyingine kubwa zaidi, hadi hatimaye mambo yakutane. Vielekeza kasi vilivyofuata viliuondoa usumbufu huo kwa kutumia neto: chombo kinajua hewa inafanya nini, kinajua kasi iliyopo, na kinaonyesha tofauti tu, kwa mshale wa juu na chini au kwa sauti. Sauti imekuwa na faida kubwa kwa usalama. Katika modi ya kuzunguka, mlio hukatikakatika na kuwa mwembamba kadiri mpando unavyokua, na huwa mzito mfululizo katika mshuko. Katika modi ya kasi, mlio mmoja humtaka rubani apunguze na mwingine aongeze, na katikati kuna ukimya ambao maana yake ni kwamba kasi inatosha. Rubani anayeongozwa na sikio hubaki na macho ya kuangalia mawingu, ndege wa porini na glaida nyingine.

Sauti mbili zenye maana mbili zinadai uhakika wa modi gani iko kazini. Glaida nyingine zina swichi kwenye usukani. Nyingine hubadili zenyewe kwa kufuata kasi, mkao wa flapu, au GPS inapotambua kwamba njia imeanza kujikunja. Ubadilishaji wa kiotomatiki huchelewa: GPS huhitaji sehemu ya mzunguko kabla ya kutambua, na sehemu hiyo ndiyo ambayo rubani anatafuta kiini cha hewa inayopanda. Katika nukta hizo mlio wa furaha unaweza kuwa amri ya kupunguza kasi tu. Swichi ya mkono, ikifuatwa kwa mazoea yasiyobadilika, ni bora kwa rubani anayejifunza, kwa sababu inamlazimisha kuamua: sasa nazunguka, sasa nasafiri.

Sasa kuna jambo ambalo halionekani kwa anayetazama kielekeza kasi bila kufanya hesabu, nalo ni muhimu kuliko chombo chenyewe. Glaida ya mfano, ikipanda mita 2 kwa sekunde na kwenda 155 kati ya mipando, hupata wastani wa safari wa kilomita 88 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi stahiki kamili. Rubani akienda 130 badala ya 155, wastani wake huwa karibu 86. Akizidisha hadi 180, huwa tena karibu 86. Kosa la kilomita 25 kwa saa, upande wowote, linamgharimu chini ya asilimia 3. Hasara inaanza kuonekana kwa mwoga anayekwenda 100 kutwa nzima, ambaye wastani wake ni 74.

Lakini umbali anaoufikia haufanani hata kidogo. Kwa 155 glaida huserereka kilomita 28.6 kwa kila kilomita ya kimo. Kwa 130 huserereka kilomita 35. Anayepoteza asilimia 3 ya wastani hununua zaidi ya kilomita 6 za kutafutia hewa inayofuata, na katika kilomita 6 kunaweza kuwapo wingu jema ambalo mwenzake hatalifikia. Hesabu ya MacCready ilichukulia kwamba mpando unaofuata upo na utapatikana. Anga halimwahidi mtu hilo. John Cochrane, mwanauchumi wa Marekani ambaye pia ni rubani wa mashindano, aliitazama upya hesabu hiyo kwa kuingiza bahati na kimo kinachokwisha, akaonyesha kwamba thamani ya kuweka kwenye chombo inapaswa kubadilika kadiri rubani anavyoshuka: juu aende kwa ujasiri, chini awe na subira. Thamani ya MacCready, ikieleweka hivyo, ni kiwango cha chini cha mpando ambao rubani yuko tayari kusimama kwa ajili yake. Aliyeweka 2 na kuzunguka kwenye mpando wa mita 1 anajipinga. Ama ashushe thamani, ama aendelee na safari.

Kwa hiyo kukimbizana na mlio ni kazi isiyo na faida. Kwa kilomita 155 kwa saa glaida hupita mita 43 kila sekunde. Chombo kikichelewa sekunde mbili, na rubani na glaida vikachukua tatu nyingine kuitikia, mita 215 zimeshapita, na hewa iliyosababisha mlio inaweza kuwa nyuma kabisa. Anayevuta usukani wakati huo hupunguza kasi ndani ya hewa inayoshuka, mahali pabaya kuliko pote pa kwenda polepole. Kila mvuto mkali pia hulazimisha mabawa kubeba zaidi ya uzito wa glaida na huongeza ukinzani. Mwendo mzuri ni wa kubadili kasi taratibu, kwa mpangilio wa maeneo makubwa: mstari wa mawingu, bonde lililo kivulini, upande wa mlima unaopigwa na jua. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1970 mtafiti Colin Pennycuick aliruka na tumbusi na korongo juu ya Serengeti kwa glaida yenye injini ndogo, akipima mwendo wao. Ndege hao nao husafiri kwa mtindo huohuo wa kupanda kwa mzunguko na kuserereka hadi mpando mwingine. Kwa rubani wa glaida, tumbusi wanaozunguka kilomita mbili mbele ni habari bora kuliko mshale wowote, kwa kuwa mshale huzungumzia hewa iliyopo kwenye bawa tu.

Chombo kinasema kweli pale tu kilipolishwa kweli. Pola iliyomo ndani yake ni ya glaida safi yenye uzito fulani. Glaida ya kilo 350 ikijazwa maji mabawani hadi kilo 500, kasi zote za pola huongezeka kwa karibu asilimia 20: mserereko wake bora hubaki 40, lakini kwa kilomita 120 badala ya 100, na mshuko wake huongezeka kwa kiasi hichohicho. Rubani asiyeandika maji kwenye chombo huelekezwa polepole mno, na neto yake husoma chini ya ukweli anapokwenda polepole na juu yake anapokwenda mbio. Wadudu waliogandama kwenye ukingo wa mbele wa bawa hufanya kinyume, wakiiharibu pola. Vyombo vina sehemu ya kuandika upungufu huo kwa asilimia. Kimo nacho kina hesabu yake. Huko Bitterwasser, Namibia, ambako marubani hupita mita 4,000, kasi ya kweli ndani ya hewa huzidi inayosomwa kwenye kipimo kwa zaidi ya asilimia 20, na mshuko wa glaida huongezeka vivyo hivyo. Vyombo vya kisasa hurekebisha hilo vyenyewe. Pete ya zamani haikuweza.

Upepo hauingii katika kuchagua kasi kati ya mipando, kwa sababu hewa inayopanda husafiri na upepo uleule unaoibeba glaida. Huingia kwa nguvu zake zote katika mserereko wa mwisho, kwa sababu uwanja wa ndege hausogei. Uwanja ukiwa kilomita 40 mbele na hewa ikiwa tulivu, glaida ya mfano inahitaji mita 1,000 kwa kilomita 100 kwa saa, na mita 1,400 kwa 155, bila kuhesabu akiba ya kufikia uwanjani. Upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa ukiongezwa, mahitaji ya 155 hupanda hadi mita 1,740 hivi, na ile 100 iliyokuwa kasi ya mserereko bora haipo tena mahali pake: inahitaji mita 1,430, ilhali 110 inatosheka na 1,400.

Rubani aliye kwenye mpando wa mwisho hupanda hadi kimo kinachohitajika kwa thamani ya MacCready iliyo sawa na mpando anaoupata wakati huohuo. Mpando ukidhoofika, thamani hushushwa, na kimo kinachohitajika hushuka nayo, hadi viwili hivyo vikutane na aondoke. Tangu hapo modi ni ya kasi, na namba ya kutazamwa ni ile ya ziada ya kimo juu ya mserereko. Ikiongezeka kwa kilomita kadhaa mfululizo, kasi inaweza kupandishwa. Ikipungua, kasi hushushwa kuelekea ile ya mserereko bora kwa upepo uliopo, na neto linganishi hurudi kuwa mshauri: mpando wowote inaouonyesha, hata nusu mita, sasa unafaa kusimamiwa, mradi rubani bado ana kimo cha kuzungukia na kiwanja cha kutua ndani ya uwezo wake.